Re: Waldmüller alikuwa mchoraji wa sura au wa maisha ya wakulima?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu chanzo kimoja kinamwita Ferdinand Georg Waldmüller mchoraji wa sura za watu, kingine kinamwita mchoraji wa maisha ya vijijini, nawe unaandaa mada moja tu. Vyote viwili ni sahihi. Angalia kwanza mwaka wa picha.

Alizaliwa Vienna, Austria, 1793. Miaka ya mwanzo alijipatia riziki kwa kuchora sura. Ile ya mtunzi wa muziki Beethoven ni ya 1823. Miaka ya 1830 utakutana na mandhari nyingi za milima na maziwa ya Salzkammergut, eneo la Austria. Wakulima wanatawala kuanzia miaka ya 1840: picha ya harusi ya wakulima huko Perchtoldsdorf, karibu na Vienna, ni ya 1843, na ile ya watoto asubuhi ya Fronleichnam (sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi) ni ya 1857. Katika hizi za mwisho tazama jua: ni kali, na vivuli vina kingo wazi. Hapo ndipo uzito wake ulipo, kwa maoni yangu.

Wengi hukosea kuhusu chuo, wakidhani aliondolewa 1846. Alikuwa profesa wa Akademia ya Vienna, chuo cha sanaa, tangu 1829, lakini 1846 alichapisha hoja kwamba wanafunzi wachore kutoka kwenye maumbile, wasinakili kazi za wachoraji mashuhuri wa kale. Hakuondolewa mwaka huo. Alistaafishwa kwa lazima 1857, kwa nusu mshahara, baada ya kuandika kwamba akademia zenyewe zifutwe. Kaisari wa Austria alimrudishia heshima 1864; akafariki 1865.