Jibu: Diski ya kiuno na kunyooshwa kwa upole

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama baba yako, nahodha anayeumwa kiuno hadi mguuni kwa sababu ya diski (kisahani laini kilicho kati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo), anaweza kutibiwa na tabibu wa kairopraktiki, anayetibu mgongo na viungo kwa mikono, bila kualishwa mgongo kwa nguvu. Anaweza, kwani ipo njia ambayo mgonjwa hulala kifudifudi juu ya kitanda ambacho upande wa miguu hushuka polepole, huku tabibu akishikilia pingili kwa kiganja, zikaachana kidogo pasipo kishindo. Mkandaji wa kukanyaga mgongo kwa miguu simpendekezi kabisa. Maumivu mengi ya diski hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12, lakini akipata ganzi sehemu za siri au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.