Joto husaidia kutibu saratani, lakini si la maji ya kuoga

Ndugu, umeuliza kama kuoga maji ya moto kunaua saratani. Hapana, na nakusihi mgonjwa wako asiache matibabu kwa ajili hiyo. Tiba ya joto ipo kweli, hata ina jarida lake la kisayansi, International Journal of Hyperthermia, lililoanza 1985. Ila huko uvimbe hupashwa kwa mitambo maalumu, takriban nyuzi 40 hadi 43 za Selsiasi, na joto hupimwa muda wote. Tena joto hilo hutumika pamoja na mionzi au dawa za saratani. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2000 hunipa moyo sana: kwa saratani ya shingo ya kizazi iliyokomaa, waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 51 kwa mionzi na joto, 27 kwa mionzi pekee.