Watumwa wa Marekani waliachiwa lini hasa: 1863, Juni 1865 au Desemba 1865?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa niko Texas najiandaa na intavyuu ya uraia. Karatasi ya maswali inasema tangazo la Rais Lincoln ndo liliwapa watumwa uhuru, na nimesoma lilitoka 1863. Mwanangu anasema hapana baba, ni Juni 19 1865, ndo maana siku hiyo ni sikukuu. Jamaa yetu wa kanisani naye anasema wote tunakosea, ni Desemba 1865. Nimjibu nini afisa? Na huyu Susan B. Anthony ni nani, jina lake halinikai kichwani.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wote watatu mko sawa, ila kila mmoja anaongelea kitu chake.

Tumalize ya afisa kwanza. Akikuuliza Emancipation Proclamation, yaani hilo tangazo la Lincoln, ilifanya nini, sema iliwaachia huru watumwa, au iliwaachia huru watumwa wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, yote mawili yanapokelewa. Jibu ulichoulizwa, basi, usimwanzishie habari za Juni na Desemba.

Sasa tuje kwenye kuelewa. Lile tangazo la Januari 1, 1863 halikuwa sheria ya Bunge. Lincoln alilitoa kama amiri jeshi mkuu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, kwa hiyo nguvu yake yote ilitoka kwenye vita na likawahusu watumwa wa maeneo yaliyokuwa yanaasi tu. Majimbo manne yenye watumwa ambayo hayakujitenga, yaani Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, hayakuguswa, na hata Tennessee na New Orleans ambako jeshi la Kaskazini, yaani la upande wa Lincoln, lilikuwa limeshashika yaliachwa nje. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema basi lilikuwa karatasi tupu, maana aliwaachia watu pale ambapo hana mamlaka akawaacha pale alipo na mamlaka. Mimi sikubaliani nao kabisa. Kuanzia siku ile kila jeshi la Kaskazini lilipofika uhuru ulifika nalo, na watumwa walikuwa wanalijua hilo, walitoroka mashambani usiku na watoto mgongoni kuzifuata kambi za jeshi, yaani hawakukaa kusubiri waletewe. Halafu tangazo lenyewe lilifungua mlango wa wanaume weusi kuingia jeshini, na mpaka vita inaisha walikuwa wameingia kama 180,000. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa akatoroka Maryland mwaka 1838, alizunguka kuwahamasisha wajiunge, hata wanawe wawili, Lewis na Charles, wakaingia kikosi cha 54 cha Massachusetts. Askari hao weusi walilipwa dola 10 kwa mwezi na hapo hapo wanakatwa 3 za nguo, wakati mwenzao mweupe anapata 13 kamili, wakagoma kupokea mshahara huo wa kibaguzi lakini vitani wakaendelea kwenda, mpaka Bunge likaja kurekebisha Juni 1864. Hao watu ukisoma historia ya Marekani usiwaruke.

Juni 19 ni habari ya hapo hapo ulipo. Texas ilikuwa mbali na mapigano na askari wa Kaskazini walikuwa hawajaishika, tena mabwana wa majimbo mengine walikuwa wanawahamishia watumwa wao huko ili jeshi lisiwafikie. Jenerali Lee, mkuu wa jeshi la Kusini, alisalimu amri Virginia Aprili 9, 1865, ila Texas mambo yakaendelea vile vile, watu wanalima pamba ya bwana, hadi Jenerali Gordon Granger wa Kaskazini alipofika Galveston na askari wake akatoa amri kwamba watumwa wote ni huru. Isome amri yenyewe siku moja ni fupi sana. Mwanzoni inasema uhuru na usawa kamili wa haki, mwishoni inawashauri watu hao hao wabaki kwa utulivu pale walipo na wamfanyie kazi bwana wa jana kwa mshahara. Siku hiyo ndo Juneteenth, imekuwa sikukuu ya taifa tangu 2021.

Jamaa wa kanisani naye anaongelea marekebisho ya 13 ya katiba. Lincoln alijua tangazo la vita linaweza kupingwa mahakamani vita ikiisha, kwa hiyo alitaka utumwa ufutwe ndani ya katiba yenyewe. Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho hayo Januari 31, 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, zikazidi theluthi mbili iliyotakiwa kwa kura mbili tu. Lincoln akapigwa risasi Aprili bila kuona mwisho wake, maana idadi ya majimbo yaliyotakiwa kuyakubali ilitimia Desemba 6, na ndo watumwa wa Kentucky na Delaware wakatoka kisheria. Zanzibar pia ilienda kwa hatua hivyo hivyo, soko la watumwa likafungwa 1873 lakini utumwa kisheria ukaja kufutwa 1897.

Kitu kimoja kwenye hayo marekebisho ya 13 ukiweke akilini: yanakataza utumwa isipokuwa kama ni adhabu ya kosa la jinai. Majimbo ya Kusini yalitumia mwanya huo vibaya sana, mtu mweusi anakamatwa kwa uzururaji, anafungwa, halafu anakodishwa kwenye mashamba na migodi. Ndo maana yakafuata marekebisho ya 14 mwaka 1868 kuwapa uraia na ya 15 mwaka 1870 kuhusu kura, na bado ikachukua karibu miaka 100 mpaka enzi za Martin Luther King kura ile ipatikane kweli kule Kusini.

Kura hiyo ya 1870 ilikuwa ya wanaume tu, na hapo ndo anaingia Susan B. Anthony. Alipigania haki za wanawake, na utumwa pia aliupinga. Mwaka 1872 alipiga kura ingawa wanawake walikuwa hawaruhusiwi, mjini Rochester, New York, akakamatwa, akatozwa faini ya dola 100 na hakuilipa. Alifariki 1906, wanawake wakapata kura 1920. Kwa afisa sema tu alipigania haki za wanawake, inatosha.