AutoCAD inaganda kwenye laptopu ya RAM 8: angalia diski kabla ya kununua mashine mpya

Mkuu wa Lindi, nimesoma maelezo yako. Laptopu ni Core i5, RAM GB 8, diski ni HDD ya kawaida, ile ya sahani inayozunguka. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, inaganda ukihifadhi kazi na ukivuta ramani karibu, na fundi amekwambia ama upige Windows upya ama ununue mashine nyingine. Usinunue bado. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Mtwara, ofisi yetu ipo Chikongola, na mashine zetu nyingi ni ndugu wa hiyo yako. Kinachozikaba mara nyingi ni programu zinazojiendesha chinichini, ila si kwa namna ambayo watu wengi wanadhani.

Wengi wakifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nani anakula nini, wanaona kitu fulani kinakula prosesa asilimia 20, wanakizima, na AutoCAD inabaki vilevile. Sababu ni kwamba kazi nyingi za kuchora na kuhariri ndani ya AutoCAD zinaendeshwa na kiini kimoja tu cha prosesa. Kama prosesa yako inaonyesha grafu 8, AutoCAD ikifika mwisho wa nguvu zake utasoma asilimia 12 au 13 tu, ukadhani imekaa bure. Viini vilivyobaki vina nafasi ya kuwahudumia hao wengine. Ugomvi mkubwa uko kwenye RAM na diski, kwa sababu huko wote wanachota kisima kimoja.

Kwa hiyo pima kwanza. Fungua ramani nzito uliyonayo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, weka dirisha la Task Manager pembeni lionekane, halafu fanya kazi mpaka igande. Namba zinazotakiwa ni za wakati ule imeganda. Ukizisoma baada ya dakika mbili, mwizi ameshaondoka.

Ukikuta Memory imevuka asilimia 90, umepata jibu la kwanza. RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, na HDD ni ya polepole mno kufanya kazi ya RAM. Watengenezaji wa AutoCAD wenyewe kwa matoleo mengi wameitaja GB 8 kuwa kiwango cha chini tu na kupendekeza zaidi ya hapo, kwa hiyo wewe huna akiba ya kugawa. Kwetu mlaji mkubwa ni kivinjari: WhatsApp ya kwenye kompyuta, video ya YouTube, barua pepe ya mpimaji, vyote viko wazi tangu asubuhi. Tena kufunga dirisha la Chrome hakutoshi. Ndani ya mipangilio yake, sehemu ya System, kuna kipengele kinachoiruhusu kuendelea chinichini hata ikifungwa; kizime. Edge nayo ina Startup boost, izime pia. Kisha nenda kwenye orodha ya Startup ndani ya Task Manager, uweke Disable kwa kila usichokihitaji mashine inapowaka. Za kupigia simu za vikao, za kuhifadhi picha, za printa uliyoiuza zamani, zote hizo zinaweza kusubiri uziite mwenyewe.

Ukikuta Disk iko asilimia 100 huku kasi yake ni MB chache tu kwa sekunde, hapo ndipo nahisi tatizo lako lilipo, maana umesema inaganda ukihifadhi. Bonyeza neno Disk juu ya safu ili walaji wakubwa wapande juu. Majina utakayoyakuta karibu ni yaleyale. Antimalware Service Executable ni antivairasi ya Windows inakagua mafaili. Windows Search Indexer inaandaa faharasa ya kutafutia. SysMain inajaribu kubashiri programu utakazofungua ili ikupakilie mapema. Windows Modules Installer Worker inashughulika na masasisho.

SysMain kwenye HDD yenye RAM ndogo mimi naizima kabisa kupitia services.msc, orodha ya huduma za Windows, na sijawahi kuikumbuka. Indexer siizimi, naiondolea tu folda ya ramani kwenye Indexing Options, kwa sababu ramani zangu nazijua zilipo. Antivairasi usiizime hata fundi akikushauri. Ingia Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, tafuta ukaguzi wa Windows Defender, uuhamishie saa saba mchana ukiwa unakula.

Nasisitiza hilo la antivairasi kwa sababu ya maisha yetu ya fleshi. Ramani inatoka kwa mpimaji kwa fleshi, inakwenda steshenari kuchapwa A3 kwa fleshi, inarudi na wageni. Kuna virusi vilivyotengenezwa mahsusi kwa AutoCAD. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilikitangaza kimoja, ACAD/Medre.A, kilichoenea zaidi Peru na kilikuwa kinatuma michoro ya watu kwa barua pepe kwenda anwani zilizoko China. Ukikuta faili la acad.lsp, acad.fas au acaddoc.lsp ndani ya folda ya mradi na hakuna mtu ofisini aliyeliweka, shtuka. Ndani ya AutoCAD andika SECURELOAD, kinga ya mafaili kama hayo yasijipakie yenyewe, na uhakikishe iko 1. Na zile AutoCAD za kukrakiwa zinazokutaka uzime antivairasi kwanza, baadhi huja na programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia mashine yako. Dalili moja ni feni kunguruma ukiwa huna kazi, kisha kila kitu kinatulia mara tu unapofungua Task Manager.

Masasisho ya Windows yanastahili neno lake, hasa kwa sisi wa bando. Minada ya korosho ikishalipa, watu wanaanza kujenga, mteja amekaa mbele yako anasubiri ramani aiwahishe halmashauri kuombea kibali. Unawasha hotspoti ya simu ili utume PDF moja tu. Windows ikiona intaneti inaanza kushusha mzigo wake: bando linayeyuka, diski inajaa kazi, na AutoCAD inaganda mteja akikuangalia. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo Wi-Fi, washa Metered connection. Halafu tafuta Delivery Optimization, uzime ruhusa ya kugawia kompyuta nyingine masasisho yako. Masasisho yafanye kwa hiari yako, siku huna kazi.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya hata mafundi: imeganda, lakini prosesa imetulia, RAM ina nafasi, diski iko asilimia 3. Hapo AutoCAD inasubiri kitu kisichokuwepo. Tulipokea mashine iliyotoka ofisi nyingine, ikawa inaganda kila ukitaka kuchapa. Printa yake kuu ilikuwa ya mtandao wa huko ilikotoka. Tuliweka Microsoft Print to PDF kuwa printa kuu, ikafunguka. Kagua pia Options, kichupo cha Files, ufute njia zinazoelekea kwenye seva usiyonayo.

Umeme ukikatika ukahamia betri, angalia Speed kwenye ukurasa wa CPU. Ikishuka chini sana ya Base speed, mashine imejibana kwa sababu ya betri au joto, na hakuna programu ya kulaumu. Hapohapo kuna ushauri unaosambaa kwamba uweke SAVETIME iwe 0 ili isihifadhi yenyewe. Kwa umeme wetu huu, hapana. Iache dakika 10.

Kwenye ramani yenyewe, pitisha amri za AUDIT (inarekebisha makosa), PURGE (inafuta visivyotumika) na OVERKILL (inafuta mistari iliyolaliana). Kama kuna kuganda kwa kuvuta karibu tu, angalia viwianishi vya mpimaji, yaani namba za kuonyesha mahali kiwanja kilipo. Huku kwetu namba ya kaskazini ni milioni nane na laki nane na zaidi, na kuchorea mbali hivyo na sifuri kunaweza kuifanya AutoCAD itetemeke na kulega. Ramani ya nyumba ichoree karibu na sifuri, kiwanja kilete kama xref, yaani faili la pembeni lililounganishwa.

Zile programu za kusafisha na kuongeza kasi zilizojaa mtandaoni usiziweke. Nazo zinakaa chinichini zikila RAM ileile.

Pesa ya kwanza ukiipata nunua SSD, diski ya kasi isiyo na sahani, ya pili RAM ifike 16, mradi laptopu yako ina nafasi ya kuongezea. Ya kwetu tuliagiza Kariakoo ikaja kwa basi. Kwa sasa pima, halafu weka hapa namba nne za wakati imeganda: CPU, Memory, Disk na Speed, pamoja na jina lililo juu kabisa kwenye safu ya Disk.