Obama aliwahi kushindwa uchaguzi mwaka 2000
Je, ni kweli kwamba Barack Obama hakuwahi kushindwa uchaguzi wowote? Hapana, rekodi yake ina doa moja: mwezi Machi 2000, akiwa bado seneta wa jimbo la Illinois, aliwania kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani na akaangushwa na Bobby Rush, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, katika mchujo wa chama cha Democratic, kwa takribani kura mbili dhidi ya moja. Kiti chake cha jimbo hakikuwa kikigombewa mwaka huo, ndiyo maana alirudi Springfield, makao makuu ya jimbo, na kuendelea na kazi.

Katika Seneti ya Illinois kwenyewe hakushindwa kamwe. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1996 kuwakilisha wilaya ya 13, upande wa kusini wa Chicago, akarudishwa mwaka 1998, na mwaka 2002 akapita bila kupingwa. Hata hivyo, ushindi ule wa kwanza usisimuliwe nusu, kwani timu yake ilipinga uhalali wa saini za wapigakura, zinazohitajika ili mgombea aruhusiwe kuwania, zilizowasilishwa na wapinzani wake wote wanne wa mchujo, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akishikilia kiti hicho, na wote wakaenguliwa.

Kwa maoni yangu, kipindi chake chenye uzito zaidi ni baada ya Democratic kupata wingi mwaka 2003, alipoongoza kamati ya afya na kusukuma sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji. Alijiuzulu Novemba 2004, baada ya kuchaguliwa kuingia Seneti ya Marekani.