Kwa mwanangu, kuhusu nyumba ya Diani

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia simu sikukujibu vizuri, maana akina mama wa chama walikuwa wameshafika mlangoni. Ulisema wewe na baba watoto mmeona nyumba Diani, vyumba vya kulala viko juu, bahari iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mnataka kuinunua sasa muwe mkienda na watoto kila Desemba, kisha ukistaafu ualimu mfunge virago Kisumu mhamie huko. Ukaniuliza, "Mama, tununue ama tuache?"

Msinunue mwaka huu. Sisemi msinunue kamwe, na nitakueleza kwa nini.

Najua hamu hii ilianzia wapi. Ulikuwa na miaka 13 tuliponunua ile nyumba ya likizo ya Kikambala, kule Pwani, mwaka wa 1994. Wewe unakumbuka maembe na kulala madirisha wazi. Lakini kuna mambo tuliwaficha nyinyi watoto.

Kila tukifika kutoka Nakuru, baba yako alikuwa anawatuma ufuoni papo hapo, hata chai hamjanywa. Hakutaka mumwone akihangaika na mlango. Hewa ya chumvi ilikuwa inaila kufuli mwaka mzima. Alibeba chupa ndogo ya mafuta taa na unyoya wa kuku. Anachovya, anaupenyeza kwenye tundu la ufunguo, anangoja, anajaribu tena. Mwaka wa tatu ufunguo ulikatikia ndani, ikabidi fundi avunje mlango. Huko ndani magodoro yameota ukungu, bawaba zimeshika kutu, makuti yanavuja juu ya kitanda chenu. Tulikuwa na likizo ya siku 14, na siku tano za kwanza zilikuwa za mafundi. Mara mbili karo yenu ndiyo iliyonunua makuti. Ule mwaka uliporudi shuleni na viatu vya zamani, nikakuambia duka halikuwa na saizi yako, haikuwa kweli. Nisamehe, mwanangu.

Hayo ya kutu na makuti mtu anaweza kuyavumilia. Lililotushinda ni lingine.

Baba yako alistaafu mwaka wa 2003, tukahamia. Miezi ya kwanza alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ujana wake. Alikuwa anaamka alfajiri kwenda kuwangoja wavuvi, anarudi na changu wawili kwenye mfuko. Kisha mwezi wa Mei ukaingia. Sisi tulikuwa tunaijua Pwani ya Desemba, ya jua na kaskazi, majirani wamejaa na watoto wao. Masika hatukuwa tumewahi kuyaona. Mvua ilinyesha mchana na usiku, na nyumba zote za jirani zilikuwa zimefungwa, kwa sababu wenyewe walikuwa kama sisi tulivyokuwa zamani: watu wa Desemba. Usiku mmoja sukari ya baba yako ilishuka ghafla. Alikuwa ananitazama lakini hanijui. Nilimnywesha maji ya sukari kwa kijiko, nikatoka na tochi nikagonga mageti matatu, yote giza. Kwenye geti la nne kulikuwa na bawabu. Yeye ndiye aliyenisaidia kumbeba hadi barabarani.

Watu wa kule walitutendea wema, sina neno baya juu yao. Ila hakuna aliyekuwa akitujua kiasi cha kushangaa asipotuona siku mbili. Mwaka wa 2005 tukauza, tukarudi Nakuru. Hapa nesi wa kliniki alikuwa anamwita baba yako kwa jina, na asipoonekana kanisani Jumapili, Jumatatu asubuhi mtu wa jumuiya yuko mlangoni. Aliishi miaka mingine sita. Naamini miaka hiyo tulipewa na majirani.

Sasa hesabu ya kwenu. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350, hadi Mombasa ni kama 480 nyingine, na mkipita njia ya kivuko mna foleni ya Likoni. Umebakiza miaka 16 ufikishe 60 ustaafu. Miaka 16 ya kwenda mara moja kwa mwaka ni safari 16. Nyumba itakuwa mikononi mwa mtunza nyumba siku zote zilizobaki, na sheria yetu inampa mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake waziwazi kwa miaka 12 mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, haki ya kwenda mahakamani kuidai. Baba yako alilijua hilo. Kila Desemba aliandikiana na mtunza nyumba karatasi kwamba anakaa pale kwa ruhusa yetu na kwa mshahara, wote wawili wakatia sahihi. Karatasi hizo ninazo mpaka leo kwenye lile sanduku la bati. Na mpaka wa kiwanja alikuwa anauzunguka mwenyewe kwa miguu, akikagua bikoni, zile alama za mpaka, moja baada ya nyingine.

Yule muuzaji wenu asiwaharakishe. Mwende wenyewe ofisi ya ardhi mkaangalie rekodi ya ile hati, msitegemee nakala aliyowatumia kwa simu. Muulize pia kama anauza nyumba pamoja na ardhi, kwa sababu Pwani kuna desturi ya muda mrefu ya mtu kuwa na nyumba na mwingine kuwa na ardhi iliyo chini yake. Kama ardhi ni ya mkataba wa miaka, hesabu iliyobaki. Mkataba wa miaka 99 ulioanza mwaka wa 1960 utaisha mwaka wa 2059, wewe ukiwa na miaka 78, na huo si umri wa kuzunguka maofisini kuomba kuongezewa. Kama ni ardhi ya kilimo, lazima muombe idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi sita tangu mwandikiane mkataba wa mauzo, la sivyo mauziano hayana nguvu kisheria. Muuzaji atoe cheti cha kutodaiwa kodi na kaunti. Wekeni kando ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi serikalini, asilimia 4 ya thamani kwa mjini na 2 kwa mashambani. Na majina yenu wawili yawe kwenye hati. Hilo la mwisho usikubali kulijadili na mtu yeyote, hata kama ni mkwe wangu ninayempenda.

Lakini kabla ya hayo yote, kodisheni kwanza. Shule zikifungwa Aprili, mkapange nyumba ya kawaida Diani wiki tatu, mvua zikianza. Msikae hotelini. Nendeni sokoni kila siku, mpande matatu, mtafute kanisa, mwende hospitali mkiwa wazima mwone foleni yake. Ulizeni bei ya kuletewa maji, na muonje yale ya kisima, maana yetu ya Kikambala yalikuwa na chumvi hata kwenye chai.

Na mnichukue twende pamoja. Nina miaka 72, goti la kushoto unalijua, dawa za presha nameza asubuhi na jioni. Nyinyi sasa mna nguvu, kila nyumba itawapendeza. Nataka nipande zile ngazi za kwenda vyumbani usiku, nishuke asubuhi, nitembee hizo dakika kumi za kwenda baharini nikitumia mkongojo wangu. Mtanipimia saa. Nauli nitajilipia mwenyewe, nimeshaanza kuweka.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mama yako,
Nakuru