Hesabu za mwendokasi: tafuta kwanza kilicho sawa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomesha hisabati wakati wa jioni wanafunzi wa sekondari hapa Chake Chake, na nimeona kwamba hesabu za maneno zinazohusu mwendokasi, umbali na muda huwashinda hata wale wanaotatua milinganyo bila ya tabu. Kanuni wanaijua: umbali ni mwendokasi mara muda. Kinachowakwamisha ni kukimbilia kuandika herufi kabla ya kujiuliza ni kitu gani kilicho sawa kwa pande zote mbili.

Tuseme mtu wa baiskeli ametoka Chake Chake saa 1:00 asubuhi kuelekea Wete, kwa kilomita 12 kwa saa. Baada ya dakika 45, gari imetoka pale pale na kufuata njia ile ile kwa kilomita 48 kwa saa. Gari itamfikia baada ya muda gani? Mwendo wao haulingani, wala muda wao. Kilicho sawa ni umbali, kwa kuwa wametoka pahala pamoja na wanakutana pahala pamoja. Tukiuita muda wa gari t, wa baiskeli ni t + 0.75, na mlinganyo ni 12(t + 0.75) = 48t. Hapo 36t = 9, na t ni robo saa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika 0.45 badala ya 0.75, akapata t = 0.15, akaisoma kuwa ni dakika 15. Jibu lilikuwa sahihi, na nusura nimtilie vema. Nilipomtaka atafute umbali, akapata kilomita 7.2 kwa gari na kwa baiskeli pia, kwa hiyo hata kuhakiki pande mbili za mlinganyo hakukulifichua kosa. Nikamwambia aitazame saa: dakika 45 na dakika 15 ni saa nzima, na baiskeli ile kwa saa nzima huwa imeshakwenda kilomita 12. Alinyamaza kidogo, akafuta 0.45, akaandika 45/60. Tangu siku hiyo nawataka wote wazigawe dakika kwa 60 pembeni mwa daftari kabla hawajaugusa mlinganyo.

Kosa jengine ni la wastani. Aliyekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 40 hana wastani wa 50, kwa sababu mwendo mdogo humchukulia muda mwingi zaidi. Ikiwa njia ni kilomita 30, atakwenda kwa nusu saa na kurudi kwa dakika 45; kilomita 60 kwa saa 1.25 ni wastani wa kilomita 48 kwa saa.